Beji za Bibi na Mawe ya Yordani



Vitunguu saumu vimekwisha kung'olewa katika mashamba mengi, na jioni baridi inawafanya watu wakae karibu na moto. Juma hili tunaomba kutafakari pamoja nanyi juu ya kopo moja la chai lililojaa beji, na juu ya kosa letu sisi wenyewe. Kosa hilo hatuwezi kulirekebisha lote, ila tunaweza kuwaonya wengine wasilirudie.

Kopo hilo lilikuwa mali ya bibi mmoja wa kigango chetu, mwana WAWATA wa miaka mingi. Wengi wenu mnamfahamu, kwa hiyo hatuna haja ya kumtaja jina. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulianza mwaka 1972, na bibi alipenda kutuambia kwamba chama kilimkuta akiwa binti aliyeolewa karibuni. Kila alikotumwa na chama alirudi na beji, akaivaa mpaka shughuli nyingine itokee, kisha akaiweka kopo lake chini ya kitanda. Mabinti zake walimtania kwamba mama anafuga vyuma.

Desturi hii si ya bibi peke yake, wala si ya Wakatoliki peke yao. Wanachama wa Rotary, chama cha huduma kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905, huvaa kifuani kigurudumu kidogo, na katika miji yetu mikubwa mtawaona. Wenzao wa Lions, waliozaliwa katika mji huohuo mwaka 1917, hukutana katika mikutano yao ya kimataifa wakabadilishana beji kama watoto wanavyobadilishana gololi, na wako wanaozikusanya kwa maelfu. Maskauti nao hufanya vivyo hivyo. Tena jambo hili ni la kale. Mahujaji wa Zama za Kati waliokwenda Santiago kule Hispania walirudi na kombe la baharini limeshonwa kwenye kofia au joho. Waliokwenda Canterbury, Uingereza, walinunua beji ndogo za risasi na bati, na hata leo beji hizo huokotwa katika matope ya mto Thames. Aliyeidondosha hajulikani tena. Tunajua tu kwamba alikwenda mahali akaona kwamba safari yake inastahili kukumbukwa.

Kwetu sisi, pengine kanga na vitenge vimefanya kazi ya beji kuliko beji zenyewe. Fungueni masanduku ya mama zenu, mtakuta kitambaa chenye picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania kuanzia tarehe 1 hadi 5 Septemba 1990. Mtakuta kitenge cha Jubilei Kuu ya mwaka 2000. Mtakuta sare iliyoshonwa kwa ajili ya miaka 150 ya Uinjilishaji, tuliyoiadhimisha Bagamoyo mwaka 2018. Nguo huchakaa, ikageuka mbeleko, kisha tambara la kupangusia meza. Beji hudumu zaidi, na ndiyo sababu kopo lile lilikuwa na thamani kubwa kuliko sisi tulivyodhani.

Mwaka 2022 WAWATA iliadhimisha Jubilei ya miaka 50, na mwezi Septemba wanawake kutoka majimbo yote walikusanyika katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kabla ya safari hiyo tuliombwa tuandike historia fupi ya WAWATA ya parokia. Sisi tuliosomeshwa seminarini kuamini maandishi tulikwenda kabatini. Daftari za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa hata zisisomeke, na zilizobaki zilikuwa za michango: nani ametoa debe la mahindi, nani bado anadaiwa. Tukaandika kurasa nne kutokana na hizo. Zilikuwa na orodha ya wenyeviti, idadi ya wanachama na jumla ya fedha za ujenzi. Tuliziona zimekamilika.

Bibi alipozisikia zikisomwa kanisani, alitufuata sakristia. "Baba Paroko," alisema, "umeandika vizuri, lakini sisi hatumo." Akatuomba tufike kwake siku moja, atufungulie kopo, atuambie beji moja baada ya nyingine. Tuliahidi. Ikaja Majilio, tukasema baada ya Noeli. Ikaja Kwaresima, tukasema baada ya Pasaka. Akatukumbusha mara ya pili, na mara ya tatu, kwa upole ule ule wa wazee wetu, ambao hawamsukumi padre hata anapostahili kusukumwa. Tulikuwa na vikao, tulikuwa na paa la kanisa la kigango, tulikuwa na sababu nzuri kila mara. Mwezi Julai mwaka 2024 aliugua siku nne, tukampelekea Mpako wa Wagonjwa, na hakuwa tena na nguvu ya kusimulia chochote. Tulimzika siku ya Jumamosi.

Baada ya mazishi, binti yake mkubwa alituletea kopo. Mama Mwenyekiti akapendekeza lifunguliwe pale pale uani, akina mama wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka. Tukamwaga beji juu ya ungo. Zilikuwa thelathini na moja.

Hapo tulijifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichotufundisha. Beji ikiwa peke yake ni bubu. Lakini mama mmoja alipoinua ile ya mwaka 1990 na kusema, "Hii ni ya Moshi, tulipokwenda kumwona Papa," mwingine alidakia kwamba walisafiri juu ya lori. Wa tatu akasahihisha kwamba lori liliharibika njiani, wakalala kwa wasamaria wema. Wa nne, aliyekuwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akasema kumbe ndiyo maana alikuwa akiambiwa amembebesha mama shida ya kwenda kumwona Papa. Wakacheka, huku macho yakiwa na machozi. Ninyi mnaojua slufay, sala ya baraka ya wazee wa Kiiraqw, mnajua kwamba mzee mmoja hutamka na kusanyiko huitikia, na bila wa kuitikia sala hiyo haina nguvu. Kumbukumbu za chama nazo ziko hivyo. Mmoja huanza, na wengine humpa neno linalofuata.

Beji nyingine zilijisemea kidogo. Mojawapo iliandikwa "Mbulu, Arusha", na vijana wakauliza kama fundi alikosea. Ilibidi tuwaeleze kwamba Mkoa wa Manyara ulianza mwaka 2002 tu, na kabla ya hapo Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya za Arusha. Kwa maneno hayo mawili tukajua kwamba beji ile imepita miaka ishirini.

Lakini palikuwa na beji moja ambayo hakuna aliyeijua. Haikutoka kiwandani. Ilikuwa kipande cha alumini cha duara, kilichokatwa kwenye mfuniko wa sufuria, kimetobolewa kwa msumari matundu saba, na nyuma kimefungwa pini ya nguo za mtoto. Ilizunguka mikeka yote na kurudi. Mama Mwenyekiti alikuwa tayari kuiweka kando aliposimama mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na zizi.

Mama huyo alitoka katika chama zaidi ya miaka kumi iliyopita, baada ya ugomvi juu ya fedha za mfuko. Hatutausimulia ugomvi huo, maana pande zote mbili ziliumia na hakuna aliyethibitisha lolote. Jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu katika daftari, na sisi tulipoandika zile kurasa nne tulifuata daftari, tukamwacha nje. Alikuwa amekuja kumzika rafiki yake tu. Akasema, "Hiyo naijua. Ninayo kama hiyo nyumbani."

Akasimulia. Ilikuwa wakati wa mvua za El Niño, Januari 1998. Barabara zilikatika, hakuna gari lililopita. Mwanamke mmoja, ambaye hakuwa mwana WAWATA na wala hakuwa Mkatoliki, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakataa kutoka. Wanaume wa boma lile walikuwa mbali na mifugo. Wanawake saba wa kigango walifunga miti miwili na blanketi, wakamweka juu, wakatembea usiku kucha katika matope wakipokezana mabega. Kwenye mto mmoja waliofika maji yakiwa kiunoni, bibi yetu alitangulia na fimbo akipima kina. Walifika hospitali kumekucha. Mama aliokolewa. Mtoto hakuokolewa.

"Hatukuweka matanga," alisema, "kwa sababu hakuwa mtoto wetu. Lakini tulishindwa kunyamaza kabisa. Tukampelekea fundi mfuniko wa sufuria iliyotoboka, akatukatia saba. Tuliambizana tusizivae kanisani, watu wasije wakadhani tunajisifu."

Uani palikuwa kimya. Kisha Mama Mwenyekiti, ambaye siku za ugomvi alikuwa upande wa pili, alituambia, "Baba, andika. Na jina lake liandike." Tuliandika hapo hapo, nyuma ya karatasi ya ratiba ya mazishi. Jumapili iliyofuata mama yule alileta beji yake, ikawekwa kando ya ile ya marehemu. Nyingine tano hatujazipata. Yeye mwenyewe hajarudi chamani, nasi hatujamshurutisha. Lakini sasa tukikutana njiani husimama, na zamani alikuwa akivuka barabara.

Wapendwa, katika sura ya nne ya Kitabu cha Yoshua tunasoma jinsi Waisraeli walivyovuka mto Yordani, na jinsi watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, walivyoagizwa kubeba kila mmoja jiwe kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha Gilgali. Angalieni sababu inayotolewa. Mawe yale yaliwekwa ili siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi wawe na la kuwajibu. Hayakuchorwa, hayakuandikwa kitu. Yalihitaji mtoto wa kuuliza na mzazi aliye hai wa kujibu. Pasipo wawili hao, ni mawe tu, na mtu angeweza kuyajengea zizi.

Tena tusisahau kwamba Kanisa lenyewe huvaa kifuani ishara ya tukio chungu. Msalaba haukuwa nishani ya ushindi machoni pa walioushuhudia. Katika kila Misa tunafanya ukumbusho wa mateso na ufufuko pamoja, wala hatuchagui kimoja tukaacha kingine. Historia yetu ya kurasa nne ilikuwa na michango na majengo, yaani mambo yaliyofaulu. Ile ya kopo ilikuwa na lori lililoharibika, mto uliofurika na mtoto aliyekufa. Sasa tunaelewa bibi alimaanisha nini aliposema kwamba wao hawamo.

Kwa hiyo tunawaomba mambo machache. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya Misa ya pili, leteni beji zenu, kanga zenu, vitenge na kadi za uanachama, za WAWATA na za vyama vingine vyote vya kitume. Hatuji kuzichukua, kila mmoja atarudi nazo nyumbani. Vijana watakuwa na madaftari na simu za kurekodi sauti. Kwa kila kitu tutauliza maswali manne: ni ya nini, ya mwaka gani, ulikwenda na nani, na nini kilitokea ambacho hakikuandikwa. Anayeona Kiiraqw au Kidatoga kinamtosha zaidi kuliko Kiswahili, asimulie kwa lugha yake. Beji zenye kutu msizisugue kwa mchanga wala majivu, kwa maana mtafuta maandishi. Zifungeni katika kitambaa kikavu cha pamba, mbali na sakafu. Na wale waliotoka vyamani kwa sababu yoyote ile, tafadhali waiteni. Huenda wao ndio wanaojua.

Zaidi ya yote, yuko mzee nyumbani kwako aliyekuomba ukae naye kidogo akuambie jambo, nawe ukasema baada ya mavuno. Usingoje mavuno. Beji thelathini na moja zilikuwa kwenye ungo ule. Kumi na tisa tumezipatia habari zake. Kumi na mbili zimebaki kimya, nasi tunajua ni nani angezisemea, na ni mara ngapi alituita.

Tumwombee pumziko la milele, na tuwaombee wale saba wa usiku ule, walio hai na waliotangulia. Mungu awabariki nyote, hadi juma lijalo.

Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wenu, Bashay