Picha za Usiku Ziwani

Mwanafunzi atokaye milimani, Gitega au Ngozi, akilala Rumonge kwa mara ya kwanza hudhani usiku kwamba mji mwingine umezuka juu ya Ziwa Tanganyika. Kumbe ni taa za wavuvi. Ndagala hufuata nuru, na mgebuka, ambao huku tunawaita mukeke, huwafuata ndagala. Ndiyo sababu mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwani taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi.

Mama yangu huanika ndagala mchangani kila asubuhi, lakini alikuwa hajapata kumwona Baba akivua, maana kwetu kazi ile ya usiku ni ya wanaume. Nalitaka aione kwa macho yake.

Likizo iliyopita mjomba aliniazima kamera yake, Epson R-D1. Hiyo ilitoka mwaka 2004, nayo ndiyo ya kwanza ya dijitali katika jamii ya kamera za kupimia umbali. Ukichungulia katika kidirisha chake waona kitu kimoja mara mbili. Wazungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Gizani nalilenga ukingo wa taa, maana huonekana wazi. Jambo la kuchekesha, ina mkono wa kuvuta kama wa kusogezea filamu, na filamu haimo! Kioo chake cha nyuma hugeuzwa kikafichwa, nuru yake isikusumbue macho.

Baba alitoa sharti moja: “Fleshi hapana, mwanangu. Samaki wamekuja kwa taa zetu, usitushtulie.” Nalikubali upesi, maana mimi naona fleshi huufanya usiku uwe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Basi ikabaki ISO, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyoikuza nuru iliyopokea. Ukizidisha namba hiyo mara mbili, muda wa kupiga hupungua kwa nusu. Pale ziwani, lenzi ikiwa wazi kwa f/2, ISO 200 ilitaka robo ya sekunde. Mitumbwi ikicheza, Baba akawa moshi. ISO 1600, ambayo ni mwisho wa kamera hiyo, ilitaka 1/30 tu. Nalijiegemeza kwenye mti unaounganisha mitumbwi, nikangoja wimbi litupandishe, na pale juu, tulipotulia kidogo kabla ya kushuka, nikabonyeza.

Bei yake ni chembechembe. Nuru ikiwa haba, kamera huikuza pamoja na fujo ya umeme wake yenyewe. Kamera za siku hizi hupita ISO 6400 na picha ikabaki safi, lakini chembe zile hazikunichukiza, hasa nalipoigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe.

Mama alitazama kwanza ile ya ISO 200: maji laini, watu wasio na nyuso. Akaiweka kando. Ya 1600 aliishika muda mrefu.

“Huu mchanga umetoka wapi?” akauliza, akiipangusa kwa kidole.

Kisha akanyamaza. Katika picha ile Baba alikuwa akivuta kamba kwa mkono mmoja, na wa pili ameushika kiunoni, uso umekunjamana. Nyumbani hajapata kusema kwamba kiuno kinamwuma.

Jioni, Baba alipotaka kutoka, alimkuta Mama amekaa mlangoni na bakuli la mawese yaliyopashwa moto, akamwambia alale kifudifudi akandwe kwanza.