Wembe wa Sultani

Kwetu Unguja upo wembe wa kukunja unaoitwa "wa Sultani". Inasemwa Sayyid Barghash bin Said alimpa babu yake bibi, aliyekuwa kinyozi. Ami yangu amepata mnunuzi, naye anataka karatasi ya kuthibitisha habari hiyo. Kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, kazi ikaniangukia mimi.

Wembe wa namna hii husomwa kuanzia shinani, karibu na mpini, maana ndipo watengenezaji walipogonga chapa zao. Wetu una nyota na msalaba mdogo, alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield. Kando yake pameandikwa Cutlers to His Majesty, yaani mafundi visu wa Mfalme, na chini, Sheffield, England.

Nikasimama kwenye neno His. Kiswahili hakina shida hiyo: ukisema "fundi wake", mwenye fundi aweza kuwa mfalme au malkia. Kiingereza hutenganisha. Malkia Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901, na miaka hiyo yote neno lingekuwa Her. Barghash alitawala tangu 1870 mpaka alipofariki 1888. Utawala wake wote umo ndani ya ule wa Victoria. Kwa hiyo wembe ni wa kabla ya 1837 au wa baada ya Victoria kufa.

Neno England likakata shauri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na tangu hapo viwanda vya Sheffield vikazoea kuligonga. Wembe wetu, basi, ni wa baada ya 1901. Barghash alikuwa ameshazikwa.

"Masultani walikuwa wengi," ami akasema. "Andika Ali bin Hamud."

Miaka yake, 1902 hadi 1911, ingefaa. Lakini chapa hutaja kiwanda. Haitaji mkono uliotoa zawadi.

Bibi aliumia zaidi. "Kwa hiyo babu yangu mwongo?"

Nikamwekea kidole chake kwenye mgongo wa wembe. Wembe huu ukinolewa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, na jiwe hula pande zote mbili. Wa kwetu mgongo umelika hadi ukawa bapa, na ncha imekuwa nyembamba kuliko shina. Zawadi ya kuwekwa kabatini hailiki hivyo.

"Alikuwa akifanya kazi," bibi akasema.

"Sana, bibi."

Nikaandika nilichokiona: kampuni, mji, baada ya 1901, umetumika mno. Mnunuzi hakupiga simu tena, na ami huitikia salamu yangu kwa shingo upande. Bibi bado huuita wa Sultani mbele ya wageni. Tukiwa wawili, huuita wa babu.