Jumamosi ya Kandambili

Jana nilitoka hapa Chang'ombe na 20,000 mfukoni, naenda Majengo kutafuta viatu vya mtumba. Jumatatu naanza mazoezi ya kufundisha Historia, na hivi vyangu vinacheka mbele.

Sijachagua hata pea moja, mama akapiga. Mdogo wangu karudishwa nyumbani, hana daftari wala sare.

"Mwalimu wetu, tunafanyaje?"

Nikatuma 15,000 na ya kutolea. Viatu kwisha habari yake.

Nikampelekea fundi hivi hivi vilivyocheka. Akasema rudi baada ya saa moja, akaniazima kandambili. Basi nikazurura mji! Nikapita Nyerere Square, nikaitazama sanamu ya Mwalimu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa. Bunge likaja 1996, na Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi 2016. Halafu nikashuka stesheni ya zamani. Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Hiyo tarehe nimeijibu kwenye mitihani sijui mara ngapi, lakini jana ndiyo mara ya kwanza kusimama kando ya hayo mataruma. Mwaka wa tatu niko hapa jamani!

Fundi kavishona kwa 2,000, na jana usiku nimevipiga kiwi. Jumatatu nitaanza na hiyo reli. Wanafunzi watazame ubaoni tu, wasitazame chini.

Niombeeni.