Picha Aliyoahidiwa Mama

Ndugu msomaji, mwezi wa Oktoba 2017 nilikwenda London kumsaidia binti yangu kulea mtoto wake wa kwanza, nikakaa huko karibu mwaka mzima. Ukiniuliza nilichokiona katika mji ule mkubwa, sitakutajia kasri wala daraja. Nitakutajia jengo la zege, lisilopendeza kwa nje, liitwalo Barbican.

Ni kituo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1982, katika mtaa ulioteketezwa na mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sikupelekwa huko na mapenzi ya sanaa. Nilipelekwa na baridi. Mjukuu wangu alikuwa halali mchana ila kigari chake kikisukumwa, nami ningemsukuma wapi katika upepo ule ukatao masikio? Ndani mlikuwa na joto, na mlikuwa na ukumbi mmoja mrefu, uliopinda kama mwezi mchanga, ambao haukuwa na kiingilio.

Katika ukumbi huo ilikuwa ikionyeshwa Purple, filamu ya John Akomfrah, mzaliwa wa Accra aliyekulia Uingereza. Ilionyeshwa katika skrini sita kwa pamoja: hapa barafu, pale moshi wa viwanda, na yote yakihusu jinsi binadamu anavyoiharibu hali ya hewa. Nakiri kwamba siku ya kwanza sikuelewa kitu. Siku ya tatu nikaanza kuelewa. Mjukuu alilala siku zote. Filamu ilipoondolewa Januari 2018, walinzi walikuwa wamekwisha kukizoea kigari chetu.

Februari yalifunguliwa maonyesho mengine, ya kulipia, ya wapiga picha ishirini waliowapiga watu waishio pembezoni mwa jamii. Binti yangu akaninunulia tikiti. Nilisimama sana mbele ya kazi za Mary Ellen Mark, aliyewapiga watoto wa mitaani wa Seattle, Marekani, mwaka 1983. Mumewe, Martin Bell, aliwatengenezea watoto hao filamu iliyotoka mwaka 1984. Msichana mmoja kati yao, waliyemwita Tiny, hakuachwa hapo. Mama yule aliendelea kumrudia na kamera yake miaka nenda miaka rudi, mpaka Tiny naye akawa mama wa watoto kumi.

Nikajisemea: huyu alirudi. Wakati ule sikujua kwa nini neno hilo lilinichoma.

Nililijua Juni, zilipoletwa picha za Dorothea Lange. Huenda nawe umekwisha kuiona ile mashuhuri ya mwaka 1936: mwanamke aliyekunja uso, mkono shavuni, watoto wawili wameficha nyuso mabegani mwake, na mchanga amelala mapajani. Ilipigwa katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, mwaka ambao mazao yaliharibiwa na baridi kali. Lange hakumwuliza jina. Baadaye, kidole gumba kilichokuwa kimeshika mlingoti wa hema kikafutwa pembeni mwa picha, maana kilimwudhi mpiga picha. Dunia ilimjua mwanamke huyo kwa jina mwaka 1978 tu: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Cherokee. Alisema kwamba picha ile haikumpatia hata senti, na kwamba aliahidiwa kuletewa nakala, isije.

Niliposoma habari hiyo magoti yaliniisha nguvu, nikakaa chini.

Ndugu msomaji, mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi. Mgeni mmoja alipita kijijini kwetu na kamera, akamkuta mama akitwanga. Mama alipoelewa anachotakiwa, alikimbia ndani akavaa kanga mpya, doti ambayo baba alimletea kwa ajili ya Idi. Alipotoka, mgeni akacheka kwa upole, akamwashiria arudie ile chakavu na ashike mchi. Mama akatii. Tukapigwa picha, mimi nikiwa nimeshika ungo. Mgeni akaahidi, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba atatuletea.

Kwa miaka mingi, kila aliyetoka mjini aliulizwa na mama kama amepewa bahasha. Alifariki mwaka 1996, na hatuna picha yake ya ujana hata moja. Iko kwa watu. Labda imetundikwa ukutani katika nyumba nisiyoijua, na chini yake pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiafrika akitwanga. Ndiyo maana mwaka ule wote nilikuwa nikizitazama kuta zile kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Siku chache kabla ya kurudi nyumbani, nilikuwa nimeketi kando ya bwawa la Barbican na mjukuu. Msichana mmoja mwanafunzi akaniomba anipige picha. Nilimwambia kwanza aandike majina yetu na anwani ya binti yangu. Tena sikutaka ya simu, nilitaka ya karatasi. Akaandika. Nikamwomba angoje kidogo, nikasimama, nikafungua mkoba, nikatoa kanga yangu mpya na kujitanda vizuri.

Alingoja.

Picha ilifika kwa binti yangu baada ya majuma sita, naye akanitumia. Nyuma yake yameandikwa majina yetu, na la mjukuu limekosewa herufi moja. Sikuisahihisha.