Kulipwa Ukae Kitako

Ukisikia kuna mtu anayelipwa mamilioni ya pesa bila kufanya kazi, bila shaka utadhani ni vigogo wa serikalini wanaotajwa. La hasha! Leo ninazungumzia mpira wa vikapu wa Marekani, mchezo unaomfanya mpwa wangu wa kidato cha tatu asahau hata chakula.

Aliniuliza majuzi mbona timu tajiri isiwanunue wachezaji wote hodari. Ni kwamba tangu msimu wa 1984-85, ligi ya NBA imewekea kila timu kiwango cha jumla ya mishahara. Kilianza kwa dola milioni 3.6, msimu wa 2024-25 kilikuwa milioni 140 na ushee. Sheria hiyo ina mianya tele, na mawakili wanaijua yote. Lakini mchezaji akishatia sahihi kandarasi yenye dhamana, mshahara wake unahesabiwa, acheze asicheze.

Mtazame Luol Deng. Alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, na vita vikaifukuza jamii yake hadi Misri, kisha Uingereza. Mwaka wa 2016 timu ya Los Angeles Lakers ilimpa kandarasi ya miaka minne, dola milioni 72. Msimu wa 2017-18 alicheza mechi moja tu, dakika 13. Hakuwa na jeraha. Wakuu walitaka vijana wacheze. Mshahara ulikuja vilevile.

Utasema, "Bahati iliyoje!" Mimi sisemi hivyo. Mtu wa miaka 32 mwenye nguvu zake, kukaa benchi akiwatazama wenzake usiku baada ya usiku ni mateso, hata mfuko ukijaa.

Septemba 2018 walielewana. Deng alisamehe kama dola milioni 7.5, nao wakamwachilia. Malipo ya mwaka wa mwisho yakagawanywa mara tatu, kama milioni 5 kila msimu hadi 2021-22, kwa kuwa sheria inaruhusu miaka iliyosalia izidishwe kwa mbili na kuongezwa mmoja. Hivyo Lakers wakapata nafasi ya kusajili wengine mwaka wa 2019. Naye akaenda Minnesota, akacheza mechi 22.

Wazazi wetu waliopunguzwa kazini miaka ya 1990 walipewa kiinua mgongo, wakaaga. Nani kati yao aliulizwa anataka kulipwa vipi? Deng alikuwa na chama cha wachezaji nyuma yake na karatasi yenye sahihi mkononi.

Alistaafu Oktoba 2019, na mwezi uliofuata akachaguliwa kuongoza shirikisho la mpira wa vikapu la Sudan Kusini. Alitoa pesa zake mwenyewe kuiandaa timu ya taifa, huku malipo ya Los Angeles yakiendelea kuingia. Julai 2024, katika Olimpiki ya Paris, vijana hao waliilaza Puerto Rico 90-79.