Gesi ya Staa Iligoma Mbeya, Dogo Akaitwa Mwizi

Wadau, ile stori ya staa wa mapishi (jina kapuni) kuuziwa mtungi nusu Mbeya mmeisikia wote. Aliiweka status, ikasambaa, mkacheka. Mimi siku ile nilikuwepo, nilikuwa namenya viazi. Naandika kwa sababu dogo aliyenunua ile gesi akipita Mwanjelwa mpaka leo watu wanamwita Chakachua, na hakuchakachua kitu. Gesi ilishikwa na baridi.

Dada yetu ana trela la chakula, kale kajumba ka bati kanakovutwa na gari. Ndani kuna majiko mawili na karai kubwa la chips, nje kwa nyuma imefungwa mitungi miwili ya kilo 15. Dar linapiga kazi usiku kucha. Julai akaja nalo huku kwetu kwa shoo mbili, Iringa halafu Mbeya. Iringa waliuza mchana, jua lipo, moto wa bluu, raha tupu. Mbeya wakaanza saa 1 usiku. Ilipofika saa 3 moto wa karai umekuwa kama wa kibatari, chips zinakunywa mafuta badala ya kuiva, foleni inazomea. Dogo ndiye aliyetumwa kununua mtungi ule asubuhi. Basi, akaitwa mwizi mbele za watu, na hela yake ya siku ikazuiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Gesi ya kupikia ndani ya mtungi ni maji maji. Ni mchanganyiko wa vitu viwili, propeni na buteni. Kinachokwenda kwenye jiko ni mvuke unaotoka juu ya yale maji, na ili yageuke mvuke yanahitaji joto, wanalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa ya nje. Propeni haina shida na baridi, inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni ndiyo mvivu. Yenyewe inachemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo usiku wa Mbeya wa Julai, mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari na upepo unakata masikio, buteni inatoa mvuke kidogo sana. Halafu propeni ndiyo inayotangulia kuisha. Mtungi ukifika katikati, kilichobaki humo ndani kingi ni buteni. Mchana unawaka, usiku unagoma, na gesi ipo.

Na ukiwasha majiko yote kwa mpigo unaupoza mtungi zaidi, maana unaunyonya joto haraka kuliko hewa inavyolirudisha. Ule wa kwetu ulikuwa unatoka jasho la baridi mpaka katikati. Ukiona hivyo, pitisha kiganja toka juu kwenda chini. Pale ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipofikia.

Lakini dada hakutaka habari za kiganja, alitaka ushahidi. Jirani mmoja ananunua parachichi, ana mizani ya kuning'iniza. Tukafunga gesi, tukautoa mtungi, tukauning'iniza kwenye boriti. Kwenye kola ya kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Wa kwetu 15.8. Mizani ikasoma 25.1. Toa hapo mwenyewe: kilo 9.3 za gesi zimo ndani, na tulikuwa tumepika tangu jioni. Mtungi nusu ungetoka wapi?

Kimya kikatanda. Msaidizi wake mmoja, kijana wa mjini huyo, akasema basi tuweke jiko la mkaa chini ya mtungi upate moto. Jamani! Dogo yuleyule aliyeitwa mwizi ndiye aliyemshika mkono. Mtungi hauwekwi motoni, hata makaa ya kufifia. Tukachukua beseni, tukaweka maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unakaa bila kuungua, tukausimamisha mtungi humo, umesimama wima. Tukauinua kwanza kutoka kwenye zege, tukazungushia upande wa upepo kwa mabati, tukaunganisha na ule wa pili ili visaidiane mzigo. Jiko moja likazimwa. Baada ya robo saa hivi karai likaanza kuunguruma tena.

Kabla ya hapo dogo alikuwa ameshakagua mengine, na nyie mkague hivyohivyo kabla ya kumtuhumu mtu. Mpira umejikunja? Regulata ni ya jiko hilo? Ile ndogo ya jiko la nyumbani haiwezi kulisha karai la biashara hata uwe Dar. Matundu ya jiko yameziba masizi? Moto wa njano mara nyingi ni hapo, hewa haichanganyiki vizuri. Na kwenye maungio paka povu la sabuni, usitumie kiberiti kabisa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani ya trela inalala sakafuni inasubiri cheche.

Kitu kingine kinachowachanganya wageni: huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100 kama pwani. Supu ya mbuzi itachelewa tu hata moto ukiwa mzuri. Hiyo usiilaumu gesi wala dogo.

Hili si la mastaa peke yao. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Maana yake mama zetu wa Makete, Mafinga na Tukuyu wanapata mitungi, mingi ile midogo ya kilo 6, ambayo baridi inaishika haraka zaidi kwa sababu gesi ni kidogo na chuma ni kidogo. Asubuhi moto ukinywea mama atasema imeisha, atatoa hela ya mtungi mwingine, na ule wa zamani unarudi dukani na gesi ndani. Hiyo ndiyo hasara ninayoiona mimi. Muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani, mwambie apime wakati wa kununua na wakati wa kurudisha.

Dogo alilipwa Jumatatu, kwa simu, pungufu ya elfu tano. Status ya kumsafisha bado tunaisubiri.