Vigusio Viwili

Umeme hauonekani kwa macho. Twautambua kwa athari zake tu: taa ikiwaka, pasi ikipata moto, au mtu akirushwa na waya. Kwa hiyo fundi atakaye kujua umeme unapita kwa umbo gani ndani ya redio hana budi kuwa na chombo cha kumwonyesha, nacho ni osiloskopu. Asili yake ni mrija wa kioo alioubuni Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani mwaka 1897, ambamo mwali wa elektroni huandika mstari wa nuru juu ya kioo kilichopakwa dawa ing'aayo.

Osiloskopu yangu ni kongwe, Tektronix 465, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972. Niliinunua kwa fundi aliyekuwa akiacha kazi, pamoja na vigusio viwili, kila kimoja na waya wake na ncha yake. Kimoja kilikuwa cheusi, cha pili kijivu. Sikuuliza kwa nini havikufanana. Mwenye mfuko mwepesi hachagui.

Siku moja mzee jirani yangu aliniletea kikuza sauti cha kanisa lao, akisema kinakwaruza. Nilikipelekea mawimbi ya mraba, yenye pembe kama za tofali, nikaweka kigusio cheusi pale umeme unapoingilia na cha kijivu pale unapotokea. Mawimbi ya kuingia yalikuwa safi. Ya kutoka yalikuwa na masikio kama ya paka katika kila pembe. Nikatoa hukumu papo hapo. Nikabadilisha transista mbili, masikio yakabaki. Nikabadilisha nyingine mbili, yakabaki vilevile. Usiku wa tatu, kwa uchovu, nikavipokezanisha vigusio pasipo kukusudia. Lo! Masikio yakahamia kwenye mawimbi ya kuingia.

Sababu yake yafaa kuelezwa. Mlango wa osiloskopu hii una ukinzani wa megaohmu 1, na sambamba nao kapasita ya pikofaradi 20 hivi. Kigusio kina ukinzani wa megaohmu 9. Basi sehemu 9 kati ya 10 za volti hubaki kwenye kigusio, na 1 tu huingia chomboni. Hesabu hiyo ni ya umeme wa polepole. Kwa umeme wa kasi, wagawaji ni kapasita, ndiyo sababu kigusio kina kapasita yake ndogo ya skrubu, ili migawanyo yote miwili ilingane. Ikizidi, pembe huota masikio. Ikipungua, pembe huviringika kama sabuni iliyotumika. Kigusio cha kijivu kilitengenezewa chombo chenye mlango wa pikofaradi nyingi zaidi. Niliizungusha skrubu yake hadi mwisho; masikio yalipungua, hayakwisha. Nikanunua jozi ya aina moja, iliyoandikwa kuwa yafaa pikofaradi 20. Siku hizi, kabla ya kazi, huvigusisha vyote viwili kwenye ncha ya chombo chenyewe itoayo mawimbi ya mraba 1000 kwa sekunde, nikazizungusha skrubu mpaka pembe zinyooke.

Kulikuwa na adha nyingine: mstari wa nuru ulikuwa mnene kama uzi wa katani. Swichi ya mlango ikiwekwa upande wa ardhi, kigusio hutengwa. Unene ukibaki, ugonjwa umo ndani. Wangu ulipungua bali haukwisha. Uliobaki ulikuwa viwimbi 100 kwa sekunde, maradufu ya 50 za umeme wetu wa majumbani, dalili ya kapasita za kusafisha umeme zilizokauka kwa uzee. Nilizibadilisha, baada ya kuchomoa plagi na kungoja sana, kwa maana ndani ya chombo hiki mna maelfu ya volti. Wa nje niliupunguza kwa kufupisha waya wa ardhi wa kigusio: ukiwa mrefu hufanya kitanzi, na kitanzi hunasa kila wimbi lipitalo. Wako wanaokata waya wa ardhi katika plagi ili mngurumo uishe. Pengine huisha kweli, lakini bati lote la chombo laweza kushika umeme, na mkono wa fundi uko juu yake. Mimi sikubali hata kidogo.

Kumbe kikuza sauti kilikuwa na lehemu iliyopasuka kwenye tundu la spika, kazi ya dakika tano. Nikazirudisha transista za kwanza mahali pake, na fedha alizotanguliza mzee nikamrudishia mkononi. Akazihesabu, kisha akanitazama.

"Mwanangu, zile ulizong'oa zilikuwa na kosa gani?"

"Hazikuwa na kosa, mzee. Kosa lilikuwa langu."

Akataka aonyeshwe. Nikawasha osiloskopu, nikakichomeka kigusio cha kijivu. Akainama, akayaona masikio ya paka, akacheka mpaka akavua miwani.